Uchafuzi wa Mazingira: Aina Zake, Vyanzo Vyake na Swali la "Nje ya Kambi"

Katika mahubiri na katika maazimio ya mikutano yetu, neno "mazingira" hutajwa karibu kila mara pamoja na upandaji wa miti. Kazi hiyo ni njema, na zipo sharika za Kilutheri katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru ambazo zimeifanya kwa bidii, hata vijana wa kipaimara wakashirikishwa. Lakini uchafuzi wa mazingira ni jambo la namna nyingine. Mti uliokatwa ni upungufu; sumu iliyomwagwa mtoni ni nyongeza, tena ni nyongeza inayosafiri mpaka imkute mtu fulani. Mchungaji anayetaka kufundisha habari hii hana budi kujua kwanza uchafuzi ni nini, unatoka wapi na unazuiwaje, ndipo theolojia yake itakapokuwa na kitu cha kushika. Makala haya yanakusudia kumsaidia katika kazi hiyo.

Maana ya uchafuzi

Uchafuzi wa mazingira ni tendo la binadamu la kuingiza katika hewa, maji au ardhi kitu chochote, au nguvu kama joto na kelele, kwa kiasi kinachodhuru afya ya watu, uhai wa viumbe wengine au matumizi halali ya mahali. Katika maelezo hayo yako mambo mawili yanayostahili kuangaliwa. La kwanza ni "tendo la binadamu". Wakazi wengi wa chini ya Mlima Meru wana meno yenye rangi ya kahawia, na baadhi yao mifupa iliyopinda, kwa sababu maji ya chemchemi na visima vyao yana floridi inayozidi sana miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kuwa ukomo. Hiyo ni dhara, tena kubwa, lakini si uchafuzi. Inatoka katika miamba ya volkano, na hakuna wa kushtakiwa. Jambo la pili ni "kiasi". Samadi shambani ni mbolea, lakini samadi hiyo hiyo ikiingia kisimani ni ugonjwa wa kuhara.

Babu zetu walitupa karibu kila kitu mgombani, na mgomba ukastawi, kwa sababu karibu kila kitu walichotupa kilioza na kaya zilikuwa chache. Basi si haki kusema, kama wasemavyo baadhi ya wataalamu wa mijini, kwamba Mwafrika hana desturi ya usafi. Desturi ile ile imekutana na plastiki, betri, viuatilifu na wingi wa watu.

Aina za uchafuzi

Ni kawaida kugawa uchafuzi kwa kufuata mahali unapoingia: hewa, maji na ardhi, na kuongeza kelele kama aina ya nne. Mgawanyo huu unafaa kwa kufundishia, ila msomaji akumbuke kwamba uchafu haukai katika chumba kimoja. Ziwa Victoria ni mfano mzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 gugu maji lilianza kuonekana ziwani, na katika miaka ya 1990 likafunika ghuba na mialo, mitumbwi ikashindwa kutoka, na samaki wakakosa hewa. Gugu lenyewe lilitoka Amerika ya Kusini, lakini lisingenenepa hivyo kama lisingekuta chakula. Chakula hicho ni naitrojeni na fosforasi kutoka katika maji machafu ya miji, mbolea na udongo uliomomolewa na mvua. Sehemu kubwa ya fosforasi, tena, hushuka kutoka angani pamoja na vumbi na majivu ya mioto ya mashamba na nyika. Mtu anayechoma shamba lake mbali na ziwa hajui kwamba analisha gugu la mvuvi. Mbawakavu waliofugwa na kuachiliwa katika miaka hiyo ya 1990 wamlao gugu hilo walisaidia kulipunguza, lakini chakula chake hakikuondolewa, na gugu limerudi mara kwa mara.

Kuhusu maji iko sumu nyingine ambayo wachungaji wa Geita, Kahama na Chunya wanaiona kwa macho yao, nayo ni zebaki. Mchimbaji mdogo husaga mawe, huyachanganya na zebaki ambayo hunasa chembe za dhahabu, kisha huchoma donge lile ili zebaki iondoke kama mvuke na dhahabu ibaki. Mara nyingi huchomwa kwenye karai wazi, pengine jikoni, watoto wakiwa karibu. Mvuke ule huingia mapafuni na kuharibu mishipa ya fahamu. Unaobaki hurudi ardhini na kuingia mitoni. Huko vijidudu vya matope huigeuza zebaki kuwa aina ambayo mwili wa kiumbe hauitoi kwa urahisi. Samaki wadogo huipokea, wakubwa huwala wadogo, na sumu huongezeka kila hatua mpaka inapofika mezani kwa mtu.

Dunia ililijua jambo hili kutoka Minamata, mji wa wavuvi huko Japani. Mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu ulitangazwa rasmi huko: watu walitetemeka, wakapoteza uwezo wa kuona na kusema, na hata paka wakapatwa na kifafa. Akina mama walioonekana wazima walizaa watoto walioathirika ubongo. Chanzo kilikuwa zebaki kutoka kiwanda cha kemikali cha Chisso, nacho kiliendelea kutoa maji yale mpaka mwaka 1968. Miaka 12 ilipita kati ya kutangazwa kwa ugonjwa na kufungwa kwa bomba, na muda huo wote watu waliendelea kula samaki. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 wa kupunguza matumizi ya zebaki umepewa jina la mji huo.

Kwa habari ya hewa, wengi hufikiri kwanza mabomba ya viwanda. Ukweli ni kwamba kwa familia nyingi za kwetu moshi mbaya kuliko wote ni ule wa mafiga matatu. Chembe zake ndogo kabisa, zenye upana usiozidi sehemu 2.5 za elfu ya milimita, hupita koo na kuingia ndani ya mapafu hadi katika damu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na waliokuwa karibu zaidi na moto ni wanawake na watoto waliobebwa mgongoni. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilitoa mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Vyuo na shule zetu, ambazo hupikia mamia ya watu kwa kuni, zinahusika moja kwa moja.

Uchafuzi wa ardhi hutokana na taka ngumu, viuatilifu na mabaki ya migodi. Kelele ni aina inayodharauliwa, nasi tutairudia mwishoni kwa sababu sisi wenyewe tumo ndani yake.

Vyanzo

Ukiuliza darasani kwa nini watu huchafua mazingira, utajibiwa upesi: ujinga na umaskini. Jibu hili lina ukweli kidogo, tena ni jibu linalompendeza mwenye nacho. Mchimbaji anayechoma zebaki kwenye karai hana fedha ya kununua chombo kilichofungwa cha kuurudisha mvuke, na huenda hakuambiwa hatari yake. Lakini kiwanda cha Minamata hakikuwa maskini wala hakikukosa wataalamu. Chanzo cha ndani zaidi ni kwamba mara nyingi faida humwendea anayechafua, na gharama humwendea mwingine. Mwenye kiwanda cha ngozi anayeachilia maji yake mtoni bila kuyasafisha ameokoa fedha kweli kweli, na fedha hiyo inalipwa na mama wa bonde la chini katika dirisha la dawa.

Chukua mfano wa Vikuge, katika Wilaya ya Kibaha. Mwaka 1986 shehena ya viuatilifu vyenye DDT na HCH, sehemu yake ikiwa imekwisha muda, ililetwa kutoka Ugiriki kama msaada, ikawekwa katika banda shambani. Banda likaharibika, sumu ikaingia ardhini. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2004 walionyesha kwamba hata baada ya shehena kuondolewa udongo wa mahali pale ulikuwa bado na sumu nyingi mno. Neno "msaada" litazamwe vizuri hapa. Kuiteketeza sumu iliyokwisha muda huko Ulaya kungegharimu fedha. Kuitoa zawadi kuligharimu kidogo zaidi, na mpokeaji akashukuru.

Nabii Ezekieli aliliona jambo hili kwa mfano wa kundi. Katika Ezekieli 34:17–19 Mungu, akiisha kuwahukumu wachungaji, anageukia kondoo wenyewe. Wako walionywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu yao yale yaliyosalia, na wengine wakalazimika kuyanywa yaliyovurugwa. Nabii hawalaumu kwa kunywa. Kosa lao liko katika kile walichowaachia wenzao. Ingekuwa vigumu kupata maelezo mafupi zaidi ya uchafuzi wa mazingira, na inashangaza kwamba fungu hili halihubiriwi Siku ya Mazingira, ambapo karibu sote hukimbilia Mwanzo 2:15.

Tabata na swali la "nje"

Torati ilikuwa na kanuni ya usafi. Kumbukumbu la Torati 23:12–14 inaagiza kwamba mtu aende nje ya kambi, achimbe kwa chombo chake, na afukie kinyesi chake, kwa kuwa Bwana hutembea katikati ya kambi. Kanuni hiyo ni nzuri, nayo inategemea jambo moja: kwamba nje ya kambi hakuna mtu. Katika jangwa ilikuwa hivyo. Katika mji wa leo "nje" ya mmoja ni ukumbi wa mwingine.

Habari za Dar es Salaam zinalionyesha hili wazi. Kwa miaka mingi Halmashauri ya Jiji ilitupa taka Tabata, mahali ambapo watu walikwisha kujenga na kuishi. Taka zilichomwa, moshi na harufu vikaingia majumbani, nzi wakazagaa. Wakazi walilalamika bila kusikilizwa, mpaka mwaka 1988 walipoishtaki Halmashauri katika Mahakama Kuu. Mahakama iliamuru Jiji liache kutupa taka Tabata na litafute mahali pasipohatarisha afya ya watu. Jiji halikutekeleza upesi, bali liliomba kuongezewa muda, tena na tena. Mwaka 1991, maombi hayo yalipofika tena mbele yake, Jaji Lugakingira alistaajabu kwa maneno makali kwamba chombo cha umma kinathubutu kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, hata wawe wachache kiasi gani. Akaunganisha jambo hilo na ibara ya 14 ya Katiba, inayohusu haki ya kila mtu kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Hivyo uamuzi wa Tabata ni miongoni mwa matunda yake ya awali.

Lakini taka hazikutoweka. Jiji lilizielekeza Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko, zaidi ya 700, nao walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1991 na wakashinda, kwa kuwa eneo lao lilikuwa limepangwa kuwa la makazi. Ndipo taka zikapelekwa Vingunguti, kando ya bonde la Mto Msimbazi, baadaye Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Tukifuata safari hiyo katika ramani tunaona kwamba kila hatua inakwenda kwa watu wenye sauti ndogo zaidi ya waliotangulia, au mahali walipokuwa bado hawajapata wakili. Mahakama iliweza kumlinda aliyefika mbele yake. Haikuweza kumlinda ambaye taka zingemfikia baadaye.

Hapa tuseme neno kwa wahubiri. Imezoeleka kufundisha kwamba Jehanamu ya Injili ilikuwa jaa la taka la Yerusalemu lililowaka usiku na mchana. Maelezo hayo tunayapata kwa Daudi Kimhi, mfafanuzi wa Kiyahudi aliyeishi karibu na mwaka 1200, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Bwana Yesu, na ushahidi wa kale wa kuyathibitisha ni haba. Analolisema Yeremia kuhusu bonde la mwana wa Hinomu ni kwamba ndipo watu walipowachoma wana wao na binti zao (Yer 7:31). Atakayehubiri juu ya majaa ya leo, ambapo watoto huokota chuma na plastiki katika moshi, hahitaji hadithi ya jaa la kale. Maneno ya Yeremia yanamtosha. Na Waebrania 13:12–13, inayosema kwamba Yesu aliteswa nje ya lango na kutuita tumwendee huko nje, inatupasa tuulize ni nani leo wanaoishi huko.

Namna ya kudhibiti

Udhibiti ulio bora ni ule unaoanzia kwenye chanzo. Risasi katika petroli ni ushahidi. Tangu miaka ya 1920 madini hayo yaliongezwa katika petroli ili injini zisigonge, na moshi wake ukawapunguzia watoto wa mijini uwezo wa akili. Hakuna kitambaa cha kufunika pua ambacho kingetosha. Mwaka 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikubaliana huko Dakar kuiondoa, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 ilikuwa imeondolewa katika eneo hilo lote. Nchi ya mwisho duniani, Aljeria, iliacha mwaka 2021. Watu hawakuhubiriwa waendeshe magari kwa upole. Mafuta yenyewe yalibadilishwa. Mifuko ya plastiki ilifuata njia hiyo hiyo: Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Waliosema kwamba masoko yatakwama wameona vikapu vikirudi.

Ya pili ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 ilitamka kwamba kila aishiye nchini ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, ikampa haki ya kwenda mahakamani kuidai, na ikaweka kanuni kwamba anayechafua ndiye alipe. Iliagiza pia tathmini ya athari kwa mazingira kabla miradi mikubwa haijaanza, na wananchi washirikishwe. Mikutano hiyo ya kusikiliza maoni hufanyika vijijini, mara nyingi bila mtu aliyeisoma ripoti. Mchungaji wa usharika, ambaye anajua kusoma maandiko magumu na ambaye watu humwamini, angeweza kuisoma na kuuliza maswali mawili tu: maji machafu yatakwenda wapi, na nani anakaa huko?

Ya tatu ni huduma. Huwezi kumwambia mtu wa Vingunguti asitupe taka mtaroni ikiwa gari la taka halifiki mtaani kwake, wala kumkataza mama kuni bila kumpatia gesi anayoweza kuinunua. Hapa ndipo hotuba nyingi juu ya mazingira, zikiwemo za kanisani, zinapogeuka kuwa lawama kwa maskini.

Wajibu wa kanisa

Mkutano Mkuu wa Shirikisho la Kilutheri Duniani huko Windhoek, mwaka 2017, ulitamka kwamba uumbaji si wa kuuzwa. Tamko hilo ni zuri, ila msingi wetu ni wa karibu zaidi, nao uko katika Katekisimo. Luther, akieleza Amri ya Tano, hakuishia kwenye upanga. Katika Katekisimo Kubwa anafundisha kwamba anayeweza kumwepusha jirani na madhara ya mwili asifanye hivyo, ana hatia ya amri hiyo. Na akieleza ombi la mkate wetu wa kila siku, anahesabu hali njema ya hewa pamoja na chakula, nyumba na serikali njema. Kwa hiyo mwalimu wa kipaimara hahitaji somo jipya liitwalo "mazingira". Anapofika kwenye "Usiue", azungumze juu ya karai la zebaki.

Kisha tutazame nyumba yetu. Hospitali na vituo vya afya vya kanisa huzalisha sindano, damu na plastiki. Vikichomwa katika shimo au tanuri lisilofikia joto la kutosha, plastiki zenye klorini hutoa dioksini, sumu inayodumu kwa miaka mingi katika mafuta ya wanyama na katika maziwa ya mama. Halmashauri ya hospitali inayojadili bajeti ya rangi ya ukuta bila kuuliza habari za tanuri imeacha kazi yake. Kuhusu jiko la chuo tumekwisha kusema.

Kuhusu kelele, kanuni zilizotolewa na Serikali ya Tanzania mwaka 2015 ziliweka viwango vya sauti kwa maeneo ya makazi, tofauti kwa mchana na usiku, wala hazikuziacha nyumba za ibada nje. Baadhi ya wenzetu wamelipokea jambo hili kama mateso kwa ajili ya Injili. Sioni kwamba linafikia heshima hiyo. Spika inayoelekezwa barabarani saa saba ya usiku haimfikii mwenye dhambi zaidi ya inavyomfikia mgonjwa, mwenye mtoto mchanga na mfanyakazi wa zamu, nao hawakuombwa ridhaa. Wazee wa usharika wanaweza kulimaliza jambo hili katika kikao kimoja: spika za nje ziondolewe, zile za ndani zielekezwe kwa waliokuja kusali, na fundi aitwe apime sauti ukutani kwa jirani wakati kwaya inafanya mazoezi.